Reli Mbele ya Namba 141

Bi Sindano alipewa jina hilo kwa mambo mawili: kazi ya mkono wake na kazi ya ulimi wake. Miaka ishirini na sita alikaa chumba cha kufulia cha hospitali, akishona namba kwenye pembe za mashuka, ili shuka la wodi ya wazazi lisiende kulala na wenye vidonda. Herufi hazikumpenda, naye hakuzibembeleza. Lakini namba alizijua kama mama anavyojua vilio vya wanawe.

Alikuwa amebakiza miezi saba astaafu. Alitaka kitu kimoja tu: kutoka kwa geti lile lile aliloingilia, mchana kweupe, watu wakimwona.

Jumatatu asubuhi geti hilo likamkataa.

Pale getini pana kisanduku. Mfanyakazi anagusisha kadi, taa ya kijani inawaka, chuma kinafunguka. Na sheria ya hospitali haina mjomba: kadi isiposomwa siku tatu mfululizo, umetoroka kazi, nafasi anapewa mwingine. Bi Sindano akagusisha kadi. Taa nyekundu. Akaipangusa kwa pindo la gauni, akagusisha tena. Nyekundu.

"Mama, sogea, unazuia foleni," mlinzi akasema.

"Mimi naanza kazi hapa wewe ulikuwa unanyonya. Leo nakuzuia?"

"Kisanduku ndicho kinachosema, si mimi."

"Basi kiite kije tusemezane."

Mlinzi akampigia simu fundi wa kompyuta. Huyu fundi alikuwa akivaa koti jeupe ingawa hajawahi kupima hata homa ya mtu, na wafanyakazi walimwita Daktari wa Waya. Sauti yake ikatoka kwenye simu kama ya mtu aliyeamshwa.

"Namba ngapi?"

"Mia moja arobaini na moja."

Vidole vikagonga kidogo. "Huyo kazimwa. Kompyuta haikosei. Aende ofisi ya wafanyakazi."

Ofisi ya wafanyakazi wakasema hawajui, aulizwe fundi. Fundi akasema hajui, iulizwe ofisi. Wakampiga danadana hadi jioni, wala hakuna aliyemkaribisha hata kiti.

Nyumbani mdogo wake akamwambia, "Dada, nenda kamwombe radhi huyo kijana. Huenda ulimi wako umemchoma."

"Radhi ya nini? Ya kuwa na kadi?"

"Ulimi wako dada ninaujua."

"Basi kama unaujua, nyamaza kabla haujafika kwako."

Jumanne akarudi getini na kigoda chake. Safari hii akaona hayuko peke yake. Mpishi alikuwa pale, na mchukua machela, na mama mmoja wa maabara, kila mmoja amesimama mbali na mwenzake kama watu waliofumaniwa. Kila mmoja alidhani ni dhambi yake imejulikana. Mpishi alikuwa anawaza sukari.

"Wewe namba yako?" Bi Sindano akamuuliza.

"Mia na kumi na nne. Lakini ile sukari, dada, ilikuwa imemwagika tu."

"Sukari yako nenda kaiungamie jikoni. Na wewe?"

"Mia mbili na kumi na nne," akasema mchukua machela.

"Mia na arobaini na nane," akasema mama wa maabara.

Bi Sindano akacheka kicheko kibaya. Wote walikuwa na moja na nne zilizofuatana ndani ya namba zao. Akamgeukia mlinzi. "Kumi na nne yenyewe ni nani?"

"Alikuwa mwenzangu wa zamu. Kafukuzwa Ijumaa kwa kulala kazini."

Hapo Bi Sindano akabeba kigoda chake. Kosa hili alishaliona. Kule kwenye kufulia, shuka likichanika halitupwi. Linatiwa mshono wa uzi mwekundu kwenye pembe, juu ya namba, na kila anayegawa mashuka anajua: hili lipo, lakini liruke. Likishashonwa, uzi unavutwa, shuka linarudi kazini. Sasa mwaka mmoja aliletwa msichana mgeni, akaambiwa shuka la tisa litiwe uzi mwekundu. Yule binti akalitia la tisa, la kumi na tisa, la tisini, kila lenye tisa. Wagonjwa siku ile walilala kwenye magodoro matupu, na Bi Sindano alimsema hadi binti akalia. Samaki mmoja akioza, kuna watu wanamwaga tenga zima.

Jumatano ndiyo ilikuwa siku ya tatu. Saa ya kutazama wagonjwa, geti la wageni hufunguliwa kwa kila mtu. Bi Sindano akaingia na chupa ya chai mkononi, kama anayekwenda kumwona nduguye. Hakwenda wodini. Alikwenda moja kwa moja chumba cha Daktari wa Waya, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Nionyeshe orodha ya getini."

"Mama, hiki si chumba cha wageni."

"Mimi si mgeni. Mgeni ni wewe, miaka miwili. Fungua, au nimwite katibu wa hospitali tuifungue naye."

Jina la katibu likamlainisha. Akafungua faili. Orodha ikashuka kwenye kioo, kila namba na mstari wake. Mbele ya baadhi ya mistari palikuwa na alama ile ya reli, #, ile inayobonyezwa kwenye simu.

"Reli inafanya nini?"

"Kompyuta ikiiona mwanzoni mwa mstari, inauruka. Mstari haujafutwa, upo, ila hausomwi."

"Uzi mwekundu," Bi Sindano akasema. "Na nani aliutia?"

Fundi akajikuna shingo. Alikuwa ameandika skripti, maagizo mafupi ya kuifanyia kompyuta kazi bila kushika mstari mmoja mmoja. Ilisema hivi: kila mstari wenye 14, weka reli mbele.

"Hukusema namba isimame peke yake."

"Nilidhani..."

"Ulidhani! Juzi kompyuta haikosei, leo unadhani. Debe wewe."

Uso wa fundi ukaiva. "Basi yaishe. Naandika nyingine, naondoa reli zote, dakika moja."

"Zote? Na waliokufa, waliotiwa reli zamani, nao uwafungulie? Na mlala zamu naye aingie? Una nakala ya orodha ya zamani?"

Hakuwa nayo. Bi Sindano akasogeza kiti hadi kwenye kioo, akapitisha kidole namba kwa namba. Kikasimama kwenye 146. Hapo palikuwa na reli mbili.

Mia na arobaini na sita alikuwa mpiga pasi, mwenzake wa meza moja, aliyezikwa mwaka jana. Kidole kikakaa hapo kidogo.

"Huyu alikuwa na reli yake tangu afe," akasema. "Wewe ukampigilia ya pili. Sasa sikiliza. Kila mwenye kumi na nne ndani yake, mvue reli moja. Moja tu. Mwenye mbili atabaki na moja, apumzike. Na kumi na nne mwenyewe, anayesimama peke yake, usimguse."

Fundi akaandika, safari hii polepole, akatunza nakala kwanza bila kuambiwa. Mistari ikabadilika. 141 ikasimama wazi.

"Haya, mama. Nenda."

"Siku zangu mbili na nusu?"

"Nitaandika hitilafu ya mtandao."

"Mtandao ndilo jina lako? Andika: fundi alikosea. Nisomee."

Akaandika kwenye karatasi, akamsomea. Bi Sindano hakuamini. Akamwita mfagiaji aliyekuwa akipita koridoni, naye mfagiaji akasoma neno kwa neno kwa sauti ya kuhubiri. Ndipo Bi Sindano akaibeba karatasi kwa katibu, akagongewa muhuri yeye na wenzake watatu. Mpishi alitaka kumshika mkono. Akamwambia akashike mwiko.

"Samahani, mama," fundi alimwambia walipokutana koridoni. Bi Sindano akapita na mashuka yake.

Wiki iliyofuata koti jeupe likaletwa kufuliwa, mfuko umechanika urefu wa kidole kimoja. Siku nne baadaye mwenyewe akaja kuliulizia. Bi Sindano hakuinua macho kutoka kwenye shuka lake.

"Lipo," akasema. "Halijatupwa."

Kwenye rafu ya juu kabisa koti lilikuwa limekunjwa vizuri, na kwenye kola, mshono mmoja mwekundu. Bi Sindano alikuwa amebakiza miezi saba kasoro wiki mbili, na hakuwa na haraka.