Kipa niliyemfokea jana

Jamani, mdomo wangu leo nusura umkoseshe kaka mke!

Jana timu yetu imetolewa nusu fainali kwa penalti. Nikiwa nyuma ya goli nikamfokea kipa wetu mkongwe: "Umezeeka, staafu!"

Wenzangu wakanijia juu. Huyu kaanza kudaka kambini, akiwa mkimbizi, na katubeba miaka yote. Sikusikia la mtu.

Leo mimi na mjomba tukapeleka barua ya posa ya kaka nyumbani kwa kina binti, mtaa wa Kasingirima.

Wakamwita baba mdogo wa binti aipokee.

Akatokea kipa!

"Shikamoo," nikasema kwa sauti ya mgonjwa.

"Marahaba. Si wewe wa nyuma ya goli?"

Mjomba akanikanyaga mguu.

Kipa akaangua kicheko. "Barua nimepokea. Kwenye mahari ongezeni glavu. Sistaafu ng'o!"

Tulipomsimulia, kaka kapumua. Glavu nzuri zinauzwa wapi, wadau?