Bunduki ya London ya Orlena Tackett

Orlena Tackett aliingia ukumbi wa zimamoto, kwenye maonyesho ya bunduki, amekumbatia bunduki ya mitutu miwili iliyoviringishwa blanketi. Mumewe, Harlis, alikuwa nyumbani, mapafu yamejaa vumbi la makaa ya mawe, na mashine yake ya kupumulia imekufa. Mtungi wa hewa walioazima ungeisha Jumatatu. Mashine ya mtumba ilikuwa dola mia nne.

Ukoo mzima uliamini bunduki ya babu ilitoka kwa fundi mkubwa wa London. Jina lilikuwa limechorwa ubavuni.

Virgil Combs, fundi wa bunduki, aliifungua akamulika chini ya mitutu.

"Dada'ngu, jina hili halina mwenyewe. Wenye maduka ya vyuma walikuwa wanaagiza bunduki kiwandani kwa mamia, wanachorewa jina lolote la kumvutia mteja. Ingekuwa ya London ingekuwa na mihuri ya ukaguzi hapa. Unaiona?"

"Siioni."

"Na mitutu ni ya vyuma vya kusokotwa. Ukitia risasi za siku hizi, inakupasukia usoni. Dola sitini, ya kutundika ukutani."

Orlena aliiviringisha tena kwenye blanketi. Mlangoni, mwanamume mwenye kofia ya rangi ya chungwa akamsimamisha, akafunua blanketi, akasoma lile jina, macho yakamtoka.

"London! Mama, mia nne, sasa hivi. Kesho binti yangu anaenda nayo kuwinda bata mzinga wa porini."

Orlena akapokea pesa, akamwachia bunduki. Akafika hadi kwenye gari, akaingiza ufunguo, mkono ukakataa kuuzungusha. Akashuka anakimbia.

"Kaka! Usimpe mtoto! Itampasukia!"

Yule bwana akamkazia macho. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Mshenzi we!" Akampokonya noti zake, akaitupa bunduki kwenye kokoto.

Virgil aliinunua kwa sitini zake. Jioni Orlena alimweleza Harlis yote, bila kujificha. Harlis akacheka mpaka akakohoa.

"Kumbe babu yako alitupiga kamba miaka yote hii!"

"Harlis, nimekuua."

"Acha wewe. Nisogezee mto."

Zile sitini zilinunua mtungi mmoja zaidi. Ulimfikisha Jumatano, saa nne asubuhi, akakata roho Orlena amemshika mkono.