Sala ya Kufunga Kipindi cha Uraia

Mwalimu wetu wa uraia huingia na Biblia kwapani, na chaki huivunjavunja kabla hajaandika neno. Akitaja serikali, sauti hushuka na macho hukimbilia mlangoni. Jana alitusomea kwamba mamlaka yote hutoka kwa Mungu. Binti wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, hata hiyo iliyomchukua baba yangu?" Chaki ikamdondoka. "Simameni tuombe," akasema, na kengele bado haijalia. Akawaombea viongozi kama kawaida yake, kisha nikasikia hatua zake zikienda mlangoni, nikafumbua jicho moja. Alikuwa ameshaufunga mlango, ameuegemea kwa mgongo. "Na baba wa huyu binti, Bwana," akanong'ona, "mrudishe." Amina yetu nayo tuliinong'ona.