Mkono Ulioshika Kamba

Nilirudi Kisangani na diploma ya kufundisha mbwa, na nasema bila haya kwamba hakuna aliyeninunulia hata daftari. Kampala nilianza kwa kuosha vibanda vya mbwa, nikatoka pale mwalimu. Leo wafanyabiashara wa Kivu, wenye maghala ya chumvi na sabuni, wananiletea mbwa wakali, nami nawarudishia mbwa wanaolala mlangoni na kufumbua jicho moja tu.

Wenye mbwa nawaambia neno lile lile: mbwa anasoma mwili wako. Ukimwogopa mgeni, woga unashuka kwenye kamba hadi shingoni mwake.

Mbwa wangu mwenyewe alitoka upande wa msitu wa Masako, mwekundu kama udongo, mkia umejikunja. Hakubweka, alitoa sauti nyembamba, kama mtu anayeimba usingizini. Asubuhi, ukungu wa mto ukiwa bado umelalia majani, tulitembea bila neno, na mara nyingine sikujua nani anamwongoza nani.

Alimpenda kila mtu isipokuwa papa, baba yangu.

Papa alikuja kwangu kila Jumapili baada ya misa, kula lituma ya dada yangu, ndizi za kupondwa. Aliposhika tu mlango wa ua, mbwa, kamba yake mkononi mwangu, alikunja midomo na kuonyesha meno. Papa, ambaye alitaka niwe daktari wa watu, alisimama palepale.

"Docteur wa mbwa! Diplome yako haikumufundisha huyu kusalimia wazee?"

"Atazoea, papa."

"Bon. Jumapili moja tena. Akinionyesha meno, sirudi hapa. Utakula lituma na yeye."

Wiki nzima nilifanya kazi. Kaa, lala, ngoja, na vipande vya samaki. Nilivaa hata koti la zamani la papa. Mbwa alilinusa, akajikunja juu ya pindo lake, akasinzia. Nikakaa hapo muda mrefu, nikisikia mvua ikija kutoka ng'ambo ya mto.

Jumamosi dada, akimenya ndizi, alicheka peke yake.

"Papa alipita juzi, ulikuwa kazini. Mbwa ilimulamba mikono yote miwili."

"Unanidanganya."

"Alinikataza kukuambia. Yaya, mukubwa wangu, ni wewe. Ukisikia tu kikohozi ya papa, unakauka kama muti. Na ile kamba, unaikaza."

Mimi, mwenye diploma!

Jumapili kikohozi kilisikika barabarani. Nilitazama mkono wangu kana kwamba uko chini ya maji, mbali, wa mtu mwingine: ulikuwa umeizungusha kamba mara mbili. Pumzi ilikuwa imesimama. Mdomo wa mbwa ulianza kupanda.

Nikapumua. Nikalegeza.

"Karibu, papa. Mbwa hana neno na wewe. Ni mimi ninakuogopa, yeye ananifuata tu."

"Unaniogopa? Tangu lini?"

"Tangu nilipopanda lori la Kampala bila kukuaga."

Papa alisukuma mlango wa ua. Aliingia polepole. Mbwa alinitazama usoni, akakaa, kisha akaweka kidevu juu ya kiatu cha papa. Papa hakukitoa.

"Leta kiti," alisema. "Unielezee ile Kampala. Hata siku moja hujanielezea."