Shemeji anapoza ubongo wa mume wangu kwa mashanza

Admin, jina langu lifiche na kijiji changu pia, sema tu ni huku Masisi kwenye ng'ombe. Nina miaka thelathini na nane, nina mume na watoto, na nimechoka kumheshimu shemeji mjinga kwa sababu tu anavaa vesti, lile koti la suti.

Mume wangu ni fundi wa fromaji, yaani jibini. Alikuwa anachovya kidole ndani ya maziwa na kukuambia yamefika au bado, na watu walitoka mbali kununua kwake. Tangu mwaka jana akaanza kupotea. Anasimama mbele ya sufuria na mwiko mkononi, hajui kama ameshatia dawa ya kugandisha. Fromaji zimeharibika kwa kukosa chumvi. Ukimuuliza kitu, jibu linachelewa mpaka unajuta kwa nini uliuliza. Mtu aliyekuwa mcheshi kuliko wote nyumbani kwao, sasa anakaa kutazama ukuta.

Sasa niseme lile nisilolisema kwa mtu. Mimi na yeye tunaishi na virusi vya ukimwi. Tulipimwa pamoja, dawa tunameza, na kwao hakuna anayejua. Yeye ndiye aliyenikataza. Aliniambia nikifungua mdomo kwa ndugu zake, nitakuwa nimemzika akiwa hai. Nami nawajua ndugu zake: watasema mimi ndiye niliyeleta, na watanitupia nguo zangu njiani siku hiyohiyo.

Nilimpeleka hospitali. Kaka yake mkubwa, anayefanya kazi ya ofisi kule Walikale, alikuwa amekuja kutembea, naye akajipachika kwenye safari yetu bila kualikwa. Daktari akaniita ndani peke yangu. Akanieleza kwamba virusi vinaingia mpaka kwenye ubongo, na askari wa mwili wanaotoka kupigana navyo hawarudi kambini. Wanabaki na hasira mle ndani, na ubongo unaumia polepole, hata kama vipimo vya damu vinaonekana vizuri. Ndiyo maana anasahau na kuwa mzito. Akasema atampima zaidi asije akawa na ugonjwa mwingine kichwani, lakini vidonge asiache hata kidogo, kwa sababu akiviacha virusi vitaongezeka na kichwa kitaharibika zaidi. Anaweza kupata nafuu, labda si yote.

Shemeji alimsubiri daktari kwenye korido. Daktari, kwa kulinda siri yetu, alimwambia kwa Kifaransa neno moja tu: inflamasiyo, yaani ile hasira ya askari wa mwili. Laiti angenyamaza kabisa.

Jioni ile shemeji akakusanya familia kwa mama mkwe. Akasimama, akashika kola ya vesti, akaanza somo.

"Daktari amesema inflamasiyo. Mu ile neno muko flamu. Na flamu njo moto! Kichwa ya ndugu yetu inawaka moto!"

"Yesu wangu!" mama mkwe akalia. "Sasa tutafanya namna gani?"

"Tutamupoza, mama. Asikule tena kitu ya moto. Na ile vidonge anamezaka iko dawa ya moto, njo inachochea. Aache."

Nikasema, "Shemeji, ile dawa asiache. Daktari amekataza."

"Weye ulisomea wapi udaktari?" akaniuliza. Yeye anayeshinda akigonga mihuri! "Haya, iko dawa ya nini? Tuambie basi."

Wote wakanigeukia. Nikakusanya vikombe nikaenda kuviosha, na yeye akatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi.

Tangu siku hiyo mume wangu anapozwa. Asubuhi mashanza, mchana mashanza, yale maziwa ya kuganda, tena ya baridi. Bugali akiletewa umeshalala. Kitambaa cha maji kichwani, huku kwetu milimani ambako hata mchana tunavaa sweta! Anatetemeka, na bado anawashukuru. Dada zake wanapokezana kukamua kitambaa wakiona wanaponya. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini mtu mwenye moto kichwani ana paji la baridi. Akili yote ya ukoo ule iliingia kwenye vesti moja, nayo haikujaza hata mfuko wake.

Vidonge nampa kwa kujificha, wanapoenda kuteka maji. Lakini shemeji ameamua kumhamishia kwake Walikale, ili ampoze vizuri na kumuombea. Huko nani atampa? Nimeomba niende nao, akasema, "Weye ubakie na watoto, unaletaka mabishano." Nikitaja ugonjwa, hata yeye atalazimika kuelewa dawa ni ya nini. Nisipotaja, mume wangu anakwenda kufa akinywa mashanza.

Nikaona nimuombe ruhusa mwenyewe. Nilimkuta siku amekaa vibaya, macho yako mbali. Nikamwambia, "Baba, nikubalie niwaambie ndugu zako ile siri yetu." Akafikiri sana. "Siri gani?" akaniuliza. Kisha akanishika mkono: "Waambie tu, mama. Minaona unateseka."

Kesho yake akaamka kichwa kimetulia, akaonja maziwa, akaniita kwa jina la utani. Nikafurahi, nikamuuliza tena. Uso ukabadilika. "Hapana. Uliniapia. Ukiwaambia, usiniite tena bwana yako." Mchana akawa amepotea tena, hakukumbuka lolote.

Pikipiki inakuja Jumapili baada ya ibada. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Nimtii mume yupi: yule anayekumbuka na kunikataza, au yule anayeniruhusu bila kujua ameruhusu nini?