Kiberiti Kwenye Benchi

Nilifua jezi za timu ya kiwanda cha sabuni kwa miaka ishirini na sita. Nilizianika nyuma ya bohari, kwenye waya uliofungwa kati ya nguzo mbili za chuma, na kwa kuiangalia jezi tu ningekuambia mwenyewe amechezaje. Ya kipa, ambaye alikuwa mume wangu, ilijaa tope kifuani. Ya namba nane ilichanika kola. Kila wiki ilichanika hapohapo, kwa sababu kila wiki ilibidi mtu amshike mwenyewe shingoni asimrukie mwenzake.

Namba nane ndiye Kiberiti. Alikuwa mchomeleaji kwenye karakana ya kiwanda, mfupi, kifua kipana, miguu ya upinde. Aliupitisha mpira katikati ya watu watatu kama anayetunga uzi kwenye sindano. Halafu mtu amguse tu kifundo cha mguu, moto! Aliwahi kumfukuza beki mpaka chooni. Aliwahi kuacha kupiga kona akagombana na muuza karanga aliyemzomea. Lakini kwangu alikuwa mpole kama maji ya mtungini.

"Shemeji, nishonee tena. Hii ndiyo ya mwisho."

"Mwisho wako wewe hauna mwisho," nilikuwa namwambia, naye anacheka, na mume wangu anacheka, na mimi natafuta uzi wa rangi ya chungwa. Siku hizo nilidhani zitadumu.

Mwaka tulioingia fainali ya kombe, tulikuwa nyuma bao moja zikiwa zimebaki dakika mbili. Kiberiti akaangushwa ndani ya boksi. Refa akatikisa kichwa: chezeni. Kiberiti akainuka, akamfuata, akampokonya kipenga na kukipuliza mara tatu kama vile mechi imekwisha. Uwanja ukaangua kicheko. Nami nilicheka, Mungu anisamehe. Refa akanyoosha mkono adai kipenga chake, na Kiberiti akamsukuma. Yule mzee akaangukia kiwiko. Tulisikia mfupa.

Kiberiti alifungiwa miaka mitano, timu ikashushwa daraja. Mume wangu alikuwa na miaka thelathini na minne. Hakucheza fainali nyingine. Hakumlaumu rafiki yake hata siku moja. Mimi nilimlaumu kwa niaba yake, kimyakimya, kwa miaka mingi.

Miaka kumi na tisa ikapita. Mume wangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Kiwanda kilikuwa kimepungua watu, timu ikawa mikononi mwa wanachama, nami nikawa mjumbe wa kamati kwa sababu nilikuwa na funguo za bohari. Kocha wetu akatuacha zikiwa zimebaki mechi sita. Katibu, aliyekuwa na duka la dawa, akatuita kantini na kutuambia kwamba Kiberiti ameomba ile kazi.

"Mtu aliyeshindwa kujifunga breki mwenyewe," akasema karani mstaafu, "tumpe basi zima la abiria?"

"Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi," akajibu katibu.

"Hilo koleo halikuvunjika, bwana. Lilivunja mkono wa mtu!"

Watu wakacheka. Kiberiti mwenyewe alikuwa amekaa karibu na mlango, amevaa koti lililombana mabegani, mikono imejaa makovu ya cheche. Hakujitetea. Kura zikawa saba kwa sita, akapewa zile mechi sita za majaribio. Mimi nilikuwa kati ya wale sita. Nilipokuwa namkabidhi mipira, nikaona afadhali niseme.

"Shemeji, mimi nimekukataa."

"Nilikuona," akasema. "Ulikuwa na haki yako. Na ya marehemu."

Mechi tatu za kwanza tulifungwa zote. Hakupiga mtu wala kutukana refa, lakini alikimbia pembeni mwa uwanja mpaka akapoteza sauti, akiwakasirikia vijana kwa kutoona alichokiona yeye.

"Pitisha hapo!" anamwambia kiungo mazoezini.

"Wapi, kocha?"

"Hapo!"

"Hapo hakuna nafasi."

"Ipo!"

Basi. Alichokijua, miguu yake ndiyo iliyokijua. Mdomo haukuwahi kuambiwa. Karani akaanza kutembea na tabasamu.

Jumatatu iliyofuata Kiberiti alikuja boharini akasimama mlangoni. "Shemeji, nisindikize mahali. Nikienda peke yangu sitafunguliwa."

Tulikwenda kwa yule refa. Alikuwa ameacha kazi hiyo, anatengeneza saa kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, meza imejaa skrubu ndogo kama mbegu za mchicha. Mkono wake wa kushoto haukunyooka sawasawa. Alimtazama Kiberiti juu ya miwani.

"Umekuja kuomba radhi?"

"Ndiyo, mzee. Nimechelewa miaka kumi na tisa."

"Mke wangu alinifunga vifungo vya shati miezi minne."

"Naomba radhi, mzee."

Refa akarudi kwenye saa yake, akakaza skrubu moja, akatafuta nyingine. Tulisimama tu. "Na kingine? Mtu hakai miaka yote hiyo halafu siku moja akumbuke radhi peke yake."

Kiberiti akajipangusa uso. "Vijana wangu wanafungwa. Nikiwaambia, hawanielewi. Naomba uje uwaonyeshe mchezo unavyoonekana kutoka pale ulipokuwa umesimama wewe." "Na mzee, niambie. Ile ilikuwa penalti?"

"Sijui," akasema refa. "Beki aliniziba. Sikuona chochote."

"Hukuona?"

"Sikuona. Nisingeweza kupuliza nisichokiona."

Kiberiti aliketi juu ya stuli bila kukaribishwa. "Mimi miaka yote nilijua umeona ukakataa," akasema. Refa akaita ndani iletwe chai. Vikombe vitatu.

Refa akawa anakuja mazoezini kila Jumatano na kofia yake. Alimsimamisha kiungo mahali pa kipa, kipa mahali pa winga, kisha anamuuliza kila mmoja, "Kutoka hapo unaona nini?" Kiberiti alimsikiliza Jumatano mbili, na Jumatano ya tatu swali hilo likawa lake. Badala ya "pitisha hapo", akawa anauliza, "Umeona nini?" na kungoja jibu. Kungoja! Yeye! Mume wangu angelipa kiingilio kuangalia hilo tu.

Tulishinda mbili. Mechi ya mwisho tulitakiwa kushinda ili tupande daraja. Tulikuwa na winga tuliyemwita Mshale, roho ya timu, mkali kama siki. Alipigwa teke mara tatu, na mara ya tatu akainuka akamshika beki kifuani kisha akamwachia. Refa wa siku hiyo hakuona. Ilikuwa dakika ya sabini, sare ya bila kwa bila, na Kiberiti akamtoa.

Uwanja mzima ulizomea. Mshale alifika kwenye benchi. "Kocha, nimefanya nini?"

"Bado hujafanya. Ndiyo maana nimekutoa."

Mechi iliisha sare, hatukupanda. Karani alitoka kabla ya kupeana mikono. Mimi nilibaki nakusanya chupa za maji na kulia kama mtoto. Sikulilia daraja. Nilikuwa nikifikiri kwamba kama benchi letu la zamani lingekuwa na mtu wa namna hiyo, nyumbani kwangu lingekuwepo kombe moja la kupangusa vumbi.

Kamati ilimwongezea mkataba. Safari hiyo mkono wangu ulikuwa wa kwanza kupanda. Alifundisha miaka tisa. Mwaka wa tatu tulipanda, mwaka wa sita tukashuka, wa saba tukapanda tena. Kombe hakulipata. Mshale alihamia timu nyingine msimu ule ule aliotolewa, na mpaka leo ukimtaja Kiberiti mbele yake anageuza uso. Anasema siku ile alinyang'anywa bao lake, na huenda ni kweli. Dukani kwa katibu bado wanabishana kama Kiberiti alikuwa kocha au bahati tu.

Magoti yalipomkatalia, bintiye alimchukua akakae naye. Jumapili jioni hunipigia simu.

"Shemeji, tumechezaje?"

Nami humsimulia mchezo wote, nani alitoa pasi, nani alikosa, hata mechi ambazo sikwenda kuzitazama.