Kitenge cha Pili cha Mama Prezidante

Mfyuuu. Sauti hiyo ningali nayo masikioni: bamama wa kwaya nzima wakisonya kwa pamoja, na kwa sababu ni kwaya, hata kusonya kwao kuligawanyika vizuri, soprano juu, alto katikati, na chini kabisa Mama Prezidante, mkubwa wa kwaya, peke yake, mzito kama injini ya boti. Mie nimesimama mbele yao, simu mkononi, aibu imenipanda mpaka kope zinauma. Niwaeleze mwenyewe ilivyokuwa, mucheke mumalize, juu nimechoka kuisikia kwa watu ambao hata hawakuwako.

Mie nashona kwa Tantini Feza, mdogo wake mama, hapa Nchelenge, kwenye njia ya kushukia ziwani. (Kushona ni kusema tu. Wakati ule nilikuwa nafumua, napiga pasi na kuweka vifungo.) Ndoto zangu ni nyingi, na katikati ya ndoto moja na nyingine nacheza mchezo mmoja wa kwenye simu, ule wa kujitengenezea mutu wako, avata, unamuvalisha, unamutembeza kwenye miji ya uongo pamoja na avata za watu wa dunia nzima. Wengine wanaingia kupigana. Mie naingia kuvalisha. Mule ndani kuna nguo za kupandana: unaweka blauzi, juu yake koti, juu ya koti shali, na kila nguo inajua yenyewe kukaa juu ya ile ya chini. Mpaka nikajifunza kuchora nguo zangu mwenyewe, na kwa kuwa sijui kuchora shali, nikachora vitenge.

Sasa bamama wa kwaya walikuwa wanatafuta fundi wa kuwashonea nguo za kufanana, za kuvaa wakivuka kwenda kuimba kwenye sikukuu ya kanisa kule kisiwa cha Kilwa, humu humu ziwani kwetu. Mafundi walikuwa wawili, Tantini na bwana mmoja wa Kabuta mwenye kitabu cha picha. Tantini alikuwa anaitamani, nilimuona. Ng'ambo, Kongo, alikuwa anaitwa kushonea maharusi, na tangu avuke ziwa mashine yake ilishona viraka na sare za shule tu. Kazi ile ingemurudishia jina. Na mie aliniahidi, "Tukiipata, mabaya nitakata mie, vitenge utakata weye." (Mabaya kwetu ni blauzi, moja ni libaya.) Mikasi ya Tantini mkononi mwangu! Nilitembea siku nzima nacheka na ukuta.

Basi nikapata wazo. Picha za mafundi zote ni za mabinti wembamba, mama anachagua, anashonewa, anajitazama kwenye kioo, anakasirika. Mie nitatengeneza avata ya kila mama, na tumbo lake, na mabega yake kweli, ajione kabla kitambaa hakijakatwa. Mama Prezidante alitoka vizuri mpaka nilimuamkia. Nilimuvalisha libaya, ile blauzi ya mikono mikubwa, nikamufunga kitenge cha kwanza, na juu yake kitenge cha pili, kama mama mwenye heshima anavyovaa. (Kwetu mama mwenye bwana hatoki mbele za watu na kitenge kimoja. Kimoja ni cha wasichana, mademwazeli kama mie. Mushike hilo, ndilo lililoniua.)

Ba Mwansa, mwenye banda la video, alituachia televizyo yake kabla ya mpira. Bamama walikuja wakitoka mazoezini, wakajaza viti, na vijana waliokuja kungojea mpira wakasimama nyuma, juu nani atawafukuza. Nikaunganisha simu kwa waya, nafungua mchezo, kikatokea kidirisha katikati, Kiingereza kingi, na chini vitufe viwili, cha kukubali na cha kungoja. Nilisoma haraka haraka, nikaokota maneno machache: nguo, kukaa, vizuri zaidi. Nani anakataa vizuri zaidi? Nikabonyeza kukubali. Na netiweki yetu, ambayo siku zote inatambaa kama konokono, siku ile ikakimbia.

Nikamuleta Mama Prezidante kwenye televizyo.

Libaya ilikuwa imemuganda kama mutu aliyenyeshewa. Kitenge cha kwanza kilimukamata mapaja. Cha pili hakikuwako. Nikafikiri ni waya, nikachezesha waya. Nikamugeuza avata, na kwa nyuma nikaona kipande kidogo cha kitenge cha pili kimechomoza kama ulimi, kilichobaki chote kimezama ndani ya cha kwanza.

"Ni mie uyu?" Mama Prezidante akauliza, polepole.

"Ni weye, mama, ila..."

"Kitenge yangu ya pili iko wapi?"

"Iko, mama. Iko ndani."

"Ndani ya nini?"

Sikujua ni ndani ya nini. Mpaka leo sijui.

Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Mama Prezidante amerudia kuwa mademwazeli. Bachumba bapange mustari wapi?" Na banda likacheka.

Hapo ningezima simu. Lakini mie kichwani nilisema ni avata moja imeharibika, wengine wako salama, kwa hiyo nikawaleta wote, kwaya nzima, mustari mmoja kwenye televizyo, na wote walikuwa na kitenge kimoja, na matumbo niliyoyapima kwa heshima yametuna yote mbele ya vijana. Nikapanua kitenge cha Mama Prezidante, tumbo likakipasua katikati likatoka. Nikasema labda ni mpangilio, nivue cha kwanza nivalishe upya. Nikagusa, cha kwanza kikatoka, na cha pili, kwa sababu kilikuwa ndani yake, kikaondoka nacho.

Ba Mwansa, ambaye Kiswahili chake ni cha kuuza samaki tu, alivua koti akafunika televizyo. "Awe, mwebantu," akasema kwa lugha yake, yaani hapana, jamani. "Miye ni mutu ya kanisa."

Ndipo mfyuuu.

Walitoka mmoja mmoja. Mama Prezidante alitoka wa mwisho, akasimama mbele ya Tantini Feza, hakupandisha sauti. "Mama Feza, mutoto wako ana roho muzuri. Lakini kama ku televizyo amenivula, ku kisiwa itakuwa namna gani?"

Kazi ilikwenda Kabuta.

Baadaye niliuliza wachezaji wengine, wakanieleza kwamba nilichokubali kwenye kile kidirisha ni mabadiliko: wenye mchezo wamebadilisha namna nguo zinavyokaa, zisivimbe tena zikipandana, zifuate mwili, na anayechora nguo inabidi azipime upya. Nimeelewa maneno, jambo lenyewe bado linanizunguka. Kuna mutu, mbali huko, aliona nguo zinavimba akaamua kuzibana, labda ni mutu muzuri, labda naye ana tantini yake. Nilipomueleza Tantini, aliniuliza, "Kama ni wao walibadilisha, kwa nini tuaibike shiye?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Bon," yaani haya basi, na neno hilo moja likanichoma kuliko kusonya kwa kwaya. Ninachojua ni kwamba sitabonyeza tena kukubali mbele ya watu, hata wakiandika kwamba baada yake ni mbinguni.

Siku kwaya ilipovuka, mie sikwenda kuwasindikiza. Nilikaa nyuma ya vichanja vya kukaushia samaki, pale netiweki inapofika, nikafungua mchezo. Bamama walikuwa bado mule, kwenye kiwanja cha mji wa uongo, wamesimama na kitenge kimoja kimoja, na Mama Prezidante na libaya tu, na avata za watu wasiojulikana wanapita mbele yao. Nikachora kitenge cha pili upya, kipana, kikae mbali kabisa na mwili, mpaka kikafanana na hema. Si kizuri. Nikaanza na Mama Prezidante, nikamurudishia kitenge cha kwanza, juu yake nikamufunga hicho, nikamugeuza mbele na nyuma, kikashika. Halafu nikawafunga na wengine, mama kwa mama, mpaka hakuna aliyebaki na kimoja.